Chumba cha Chumvi, Dakika Ishirini

Jumatano, 5 Novemba

Mtu wa sita ameshindwa kutoka chumbani.

Leo ilikuwa zamu ya Iwo wa darasa la jirani, yule anayemaliza kila mchezo wa kompyuta unaotoka na kutusimulia mwisho wake kabla hatujauanza. Nilimkalisha kwenye kompyuta ya maktaba ya shule, nikakaa nyuma yake na daftari langu. Ndiyo kanuni: aliyetengeneza mchezo anakaa nyuma ya anayecheza, hasemi, haonyeshi kidole, hajibu swali. Kosma aliisoma mahali fulani, na sasa anaishika kama padri anavyoshika misa. Kosma anaandika programu. Mimi natunga watu, maneno na sheria za dunia yetu. Wawili tu, tangu darasa la nane.

Kwenye skrini, Iwo alizunguka chumba cha chumvi, akagonga kuta zote kwa sururu, akajaza mawe mfukoni. Ukutani mwa chumba hicho nimebandika karatasi za maelezo — akasoma mstari mmoja wa ya kwanza, zilizobaki akazipita. Hewa ikamwishia, akafa. Akaanza upya. Akafa tena. Akavua hedifoni, akaniuliza kwa upole kabisa kama labda tumesahau kuweka mlango.

Mlango upo. Mimi natoka kwa sekunde arobaini.

Baadaye Kosma akasema nilikohoa mara tatu Iwo alipoikaribia taa, na kwamba kikohozi chenye maana nacho ni maneno.

Ijumaa, 7 Novemba

Niandike kwa utulivu, nione kama mimi mwenyewe nikisoma naelewa.

Wewe ni mchimbaji. Mgodi wa chumvi umeporomoka, wenzako wamekimbia, umebaki chini. Mchezo mzima ni saa tisa: miji mitatu iliyofichwa ardhini, watu arobaini wa kuzungumza nao, na kila mmoja anakumbuka ulivyomtendea. Unakuwa mtu fulani kwa sababu ya ulichochagua. Ndiyo michezo ninayoipenda — haikupi mhusika, inakuacha umlee.

Lakini hayo yote yako nyuma ya chumba cha kwanza. Na kwenye chumba cha kwanza unatokaje? Mwali wa taa unakula hewa. Ukizima taa, woga unapanda na mikono inatetemeka, ila masikio yanafunguka. Ukikaa chini ukatulia, woga unashuka, na hapo unasikia upepo ukipita nyuma ya boriti ya kushoto. Unabomoa pale. Umetoka. Kwenye skrini kuna vipimo saba: hewa, mwanga, woga, kiu, nguvu, kumbukumbu, na chumvi mwilini. Vyote vimefungamana. Ukigusa kimoja, sita vinasogea.

Kosma anataka vibaki vitatu. Na mshale wa njano juu ya ile boriti.

"Profesa," akasema — ananiita hivyo akikasirika — "umetunga mtihani. Mtu amekuja kucheza, wewe unamsahihisha."

Nilitaka kumwambia kwamba ukiweka mshale, mgodi hakuna tena. Kuna korido tu, na mtu anayefuata njano. Nilikuwa na sentensi nzima, nimeipanga tangu asubuhi. Nikasema, "Sawa, tutaona."

Mashindano ya mkoa ya watunga michezo ni Jumamosi ya tarehe 22. Waamuzi wanakaa dakika ishirini na kila mchezo, bila maelezo, bila sisi kufungua mdomo. Mwisho wa kutuma ni Alhamisi tarehe 20, saa kumi na mbili jioni. Tumeafikiana hivi: ikifika hapo na mtu mmoja tu, mmoja, ametoka chumbani ndani ya dakika ishirini bila msaada, chumba kinabaki changu. Asipopatikana, unaingia mshale, na vipimo vinne vinaondoka.

Jumamosi, 8 Novemba

Baba ana wiki tatu hajashuka ngazi. Alianguka bustanini, kutoka juu ya ngazi ya mbao, akipukutisha kokwa za mjozi. Mguu umefungwa plasta hadi pajani, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Yeye ni dereva wa tramu, ile treni ya barabarani, na sasa tramu yake inaendeshwa na mtu mwingine. Anakaa dirishani anaihesabia dakika ikipita kule barabarani. "Kachelewa mbili," ananiambia. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Mama yuko Ujerumani anatunza wazee hadi Krismasi, na bila yeye mimi na Baba tunafanana na abiria wawili waliokaa kiti kimoja.

Leo friji ilianza kugongagonga. Nikadhani ni mota. Baba akaja na magongo, akazima redio, akazima mashine ya kufulia katikati ya kufua, akazima taa ya jikoni. Akaniambia ninyamaze — sikuwa nimesema kitu. Akasimama gizani kwa mguu mmoja, muda mrefu. Kisha akaingiza mkono nyuma ya friji akatoa kijiko.

"Ukizisikiliza sauti zote, husikii hata moja," akasema, akarudi dirishani.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwalimu Grabiec, wa lugha na fasihi, alikubali kujaribu. Nilimtumaini sana. Ni mtu wa kusoma, nikajua atazisoma karatasi zangu.

Alizisoma. Zote kumi na moja. Zilianza tano; kila mtu aliposhindwa mimi niliongeza karatasi moja zaidi ukutani, ndivyo zikafika kumi na moja. Alizisoma kwa sauti, akasahihisha mkato kwenye ya nne, akasifu neno moja kwenye ya saba, na alipofika ya tisa hewa ikaisha. Hakugusa taa. Hakugusa kitu chochote.

"Unaandika vizuri, Bogna," akasema. "Na huyu mtu ndani, yeye anafanya nini?"

Nikaliandika swali lake daftarini. 

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu ya Uhuru. Jirani wa chini ametuletea paja la bata bukini. Baba amekula dirishani. Bendera kila balkoni, mvua juu yake.

Kosma amenitumia picha ya boriti na mshale. Umekaa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo Iwo amejaribu toleo la mshale. Ametoka kwa sekunde hamsini. Akapita chumba cha pili, cha tatu, akafika mji wa kwanza, akaongea na bibi mwenye mbuzi. Mimi nyuma yake nikiandika kila neno — hakuna mtu aliyewahi kumfikia bibi mwenye mbuzi. Nilimtunga mwaka jana.

Mwishoni unaruhusiwa kuuliza swali moja. Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Wapi vipi?"

Mahali gani, nikasema. Pakoje.

Akafikiri. "Kwenye… sijui. Mapango? Kasri?"

Ni mgodi, nikamwambia.

"Kwani ni mgodi?"

Kosma akanitazama, nikamtazama. Kila mmoja alidhani ameshinda. Tukiwa njiani kurudi akasema angalau Iwo alifika, wangu wote wamekufa chumbani, na mtu aliyekufa mlangoni hajui kama nyumba ina vitabu. Ni kweli. Na mimi ninachosema ni kweli. Nimekaa katikati ya kweli mbili na sioni pa kugonga.

Jumapili, 16 Novemba

Nimekicheza chumba mara ishirini leo. Sekunde arobaini, thelathini na nane, arobaini na moja. Mara ya ishirini nikajilazimisha kutofanya lolote. Nikasimama tu pale nikitazama, kama Iwo, kama Mwalimu. Karatasi kumi na moja. Vipimo saba vikipanda na kushuka. Kila kona ya skrini inaongea, na anayeongea ni mimi.

Mimi, ambaye darasani nikiitwa najibu kwa sauti ya chini nikitazama kiatu.

Labda ndiyo sababu. Hiki chumba ndicho kitu pekee nilichowahi kukisema hadi mwisho, na nimeogopa nisipoeleweka, basi nikaendelea kusema. Nimemfungia mtu ndani ili anisikilize. Sipendi kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Nimeziondoa karatasi zote. Imechukua dakika nne. Kuziandika ilichukua miezi miwili.

Kisha nikampigia Kosma — nimempigia, sijamwandikia! — nikamwambia: vipimo vibaki saba, ila visionekane. Kila kimoja kijitokeze siku mtu akiumizwa nacho, si kabla. Asiyekosa hewa asijue kuna kipimo cha hewa. Sheria zote ziwe mle mle, chini, zinafanya kazi yake kimya. Na mshale usiwepo.

 Kosma akasema hiyo ni kazi ya siku tatu, na kwamba nilichelewa mwaka mzima kusema jambo moja la maana. Kisha akasema ataifanya. Makubaliano yale yale: mtu mmoja, dakika ishirini.

Jumatano, 19 Novemba

Kosma amemaliza. Macho mekundu, fulana ya juzi. Chumba kinatisha sasa. Hakuna maandishi, kuna taa na chumvi tu.

Tumejaribu watu wawili baada ya masomo. Wa kwanza alikufa mara tano, akacheka, akaondoka. Wa pili aliizima taa dakika ya kwanza — nikaacha kupumua — kumbe alikwisha kuambiwa na Iwo. Kosma akamfuta kwenye hesabu. Shule nzima inajua habari za taa, akasema, hapa hatumpati tena mtu safi.

"Baba yako je?"

Nikamwambia Baba hachezi. Anasema michezo ya kompyuta ni ya watu wasiopewa tramu.

"Basi ndiye," akasema Kosma. "Na haendi popote."

Nimezunguka mlango wa sebule mara tatu na chai mkononi. Mara ya tatu Baba akasema ama niingie ama chai iingie peke yake. Nikamwomba. Akauliza kama ni kazi ya shule. Nikasema hapana, ni yangu.

Hakuuliza tena. Akasema kesho, tramu ya saa kumi na moja ikishapita.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimekaa kitandani nyuma ya Baba. Mguu wake uko juu ya stuli, magongo yameegemea kabati langu la vitabu. Kumfundisha kushika kipanya na kumwonyesha vitufe kabla ya saa kuanza si kosa, Kosma amekubali. Tumeanza saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Kosma anakuja saa kumi na mbili kasorobo na toleo la mshale kwenye fleshi. Tutatuma moja kati ya mawili.

Siruhusiwi kusema. Basi naandika.

Dakika ya 2. Anauliza kama kuna mtu humu. Anaiuliza skrini.

Dakika ya 5. Anagonga kuta kwa mpango, kutoka kulia kwenda kushoto, haruki. Kipimo cha hewa kimejitokeza. "Aha. Hewa."

Dakika ya 6. "Nimekufa," anasema, kama anavyotangaza kituo. "Haya. Tena."

Dakika ya 10. Amekufa tena. Amegeuka kunitazama. Nimetazama daftari. "Mama yako naye hunijibu hivi hivi."

Dakika ya 12. Hatembei. Ameacha mchimbaji asimame tu katikati ya chumba. Nilidhani amesinzia. Kisha, bila kugeuka: "Mwanangu, ni wewe uliyemfungia huyu humu?"

Nimeitikia kwa kichwa. Sijui kama huko ni kuvunja kanuni, hakuwa akinitazama.

"Muda mrefu?"

Siruhusiwi. Siruhusiwi. Naandika.

Dakika ya 14. Amekufa. Mara ya tatu. Ameanza upya. Sasa hagongi. Anatazama ule mwali. Mkono mdogo kwenye skrini umeusogelea, umeondoka.

Koo linaniwasha kweli, si kikohozi chenye maana, na nimeuma mkono wa sweta nisikohoe.

Dakika ya 16. "Bogna. Nenda kazime redio ya jikoni."

Nimekwenda. Nimerudi. Sijamsaidia, ni yeye aliyesema.

Dakika ya 17. "Na hii ya juu." Nimezima taa ya chumba. Naandika kwa mwanga wa skrini, mistari inapanda juu ya mingine. Hewa iko robo. Mwanga wa njano uko kwenye shavu lake. Hajanyoa tangu Jumapili.

Dakika ya 19. Kengele ya mlango. Kosma amewahi, au saa yangu imechelewa. Nimesimama. Baba ameinua kidole kimoja, hajageuka.

"Asubiri."

Kengele tena. Mkono mdogo umeenda juu ya taa. Umetulia pale.

Ameizima taa: skrini imekuwa nyeusi. Siioni karatasi. Ananiambia ninyamaze, na mimi sijasema kitu, sijakohoa, nimeshika pumzi — "Bogna," ananong'ona, "hiyo kalamu inakwaruza. Iweke