Jiko la Marehemu Baba Yako Liko Mezani

Colin,

Kuku wafungie mapema. Nyama ya kondoo iko kwenye friji.

Alfajiri nafungua mkoba, jiko langu dogo la gesi umelitoa, umenitilia dude la shaba la marehemu baba yako! Nakuuliza, unanijibu ukiwa shukani: “Lako la kitoto, mke wangu, litakuzimikia mlimani.” Nani anabeba, wewe? Mafuta yake ya taa yamevujia mkate wangu wote. Huko Mlima Cradle kuni ni marufuku, najua ninachochagua. Langu nililijaribu uani kwenye barafu. Chai niliinywa wewe bado unalipiga pampu la baba yako.

~~Usinipigie simu.~~ Piga kesho jioni.

Mtungi wa nyumbani umeisha gesi asubuhi hii. Nyama utaipikia hilo hilo la baba yako.

Mkeo, mwenye jiko la kitoto