Vigelegele Bungeni

Bellevue, Johannesburg
14 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi,

Salamu kutoka kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje, na huko nyumbani Buyenzi wote hawajambo? Sisi tu wazima wa mwili. Moyo ndio umebanwa.

Unajua tangu mwezi wa sita askari wa jiji wametuondoa barabarani Yeoville, sisi na meza zetu za mboga na dagaa. Kuuza siwezi. Kurudi kwetu siwezi, maana nikivuka mpaka tu kibali changu cha ukimbizi kimekufa. Maji yamenifika shingoni, Shangazi.

Basi tuliandika malalamiko, yakafika bunge la mkoa, na leo yamesomwa. Wenzangu wakanisukuma mimi niingie kusikiliza, eti najua Kiingereza. Najua cha kuuzia nyanya!

Ukumbi ule ungeuona! Mbao zinang'aa, zulia zito, Spika kakaa juu peke yake na siwa mbele yake. Waheshimiwa wamegawanyika kushoto na kulia, wanatazamana kama wakwe waliogombana. Hasemi mtu mpaka Spika amtaje. Wageni tumewekwa roshani, tunawaona vipara.

Mheshimiwa mmoja akasimama, akasoma barua yetu, akataja na jina langu kamili. Unanijua, Shangazi. Kwetu mtu akitajwa kwa heshima ananyamazaje? Nikapiga vigelegele vya harusi.

Ukumbi mzima ukageuka. Mlinzi, Mkongo wa Bukavu aitwaye Glody, akanishika mkono taratibu: "Mama, huku juu ni kusikia tu, kusema hapana. Eish, toka kwanza." Akafunga mlango. Nikiwa nje nikasikia sauti nyingi kwa pamoja zikisema ndiyo. Ndiyo ya nini, sijui. Labda tumekubaliwa, labda walikubaliana kwenda kula.

Chini walinisubiri wenzangu kumi na tisa. Joséline, jirani yangu wa meza, akauliza, "Wamesemaje?" Niliona aibu kusema nimetolewa. Nikajibu, "Wamesema ndiyo."

Walikumbatiana pale pale. Kesho asubuhi wote wanarudisha meza barabarani, kwa neno langu. Jioni hii nimekwenda mara mbili kwa Joséline nimwambie ukweli. Mara zote nimemkuta anaosha meza yake huku anaimba. Nikarudi.

Nisalimie binamu Mselem na mkewe Héritière. Mungu akuweke, nawe usiniache katika dua zako. Kesho meza yangu nitaipanga mbele ya zote, ili askari wakija waanze na mimi.

Akupendaye na kukukumbuka,
Mwanaasha