Mama Bado

Siku ya posho, Jumamosi, mchana. Mvua imekatika lakini mawingu hayajaondoka, na hii baridi ya Bunia imeniingia mpaka kwenye mifupa. Nimekaa mlangoni na simu. Mama amelala nyuma yangu, nasikia anavyovuta pumzi. Kesho, siku ya Mungu, pasta atakuja kumbatiza kitandani, na mimi ndiye niliyemwita.

Nimechoka. Nianze na hilo.

Kwa wasiotujua: siye ni watu wa Butembo, tulifuata biashara huku. Mama aliuza vikwembe, vitambaa vya kujifunga, sokoni mpaka miguu ikakataa. Kaka yangu Paluku alikuwa anapeleka mchele na sabuni kwa wachimba dhahabu wa Nizi. Siku moja akarudishwa juu ya pikipiki, amefungwa ndani ya turubai yake mwenyewe ya kuuzia. Watu wa porini, wale wa bunduki, walikuwa wamemkuta njiani.

Sasa tunaambiwa vita imekwisha. Njia ya Nizi imefunguliwa, waliokuwa porini wameshuka, wengine wako hapa mjini wanauza makala ya kupikia, na hakuna anayemuuliza mwenzake alikuwa wapi. Tunaita hiyo amani. Tena tunafunga milango mapema.

Mama anaomba kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini hajabatizwa. Kwetu ubatizo ni mtoni, unazamishwa mwili wote, na kabla ya kukuzamisha pasta anakuuliza mbele ya kanisa zima: "Umesamehe wote?" Kila mtu anajibu ndiyo. Wanajibu haraka kwa sababu mayi ya mto ni baridi.

Baada ya Paluku kuzikwa, mama alisimama pale na nguo nyeupe, mayi yamefika magotini, akajibu: "Bado, pasta."

Watu wakaguna. Pasta akadhani mama hakusikia vizuri, akarudia swali.

"Bado. Nimusamehe nani? Hakuna hata mwenye alikuja kuniambia pole. Siwezi sema uongo mu mayi ya Mungu."

Akatoka mtoni, nguo imelowa upande wa chini tu. Mwaka uliofuata akapanga mstari tena, akajibu vilevile. Tangu hapo kuna wanawake sokoni wanamwita Mama Bado. Wanacheka. Hata mbele yangu wanacheka.

Mimi nafundisha dini kwenye sekondari, kwa hiyo nimesoma kidogo juu ya Wakristo wa kwanza. Kwao ubatizo haukuwa kazi ya asubuhi moja. Sehemu zingine mtu alifundishwa hata miaka mitatu, na wanaomjua waliulizwa: huyu amewatembelea wagonjwa? Amewaheshimu wajane? Alifunga kula kabla ya siku yenyewe, na mwenye kumbatiza alifunga pamoja naye. Wengine waligeukia jua linapozama, wakamkana Shetani kwa mdomo wao wenyewe, halafu wakageukia linapochomoza. Na busu la amani hukupewa mpaka umetoka ndani ya mayi. Wengi waliahirisha mpaka kitanda cha kufa, kwa kuogopa kutenda dhambi baada ya kuoshwa. Hao mama angeelewana nao sana. Wangekaa pamoja kwenye benchi la nyuma.

Daktari aliposema dawa zimeshindwa, tumrudishe nyumbani, woga ulinishika. Nikakimbia kwa pasta. Nikamwambia mtoni hatafika, lakini wale wa zamani, ingawa walipenda mayi yanayotembea, yakikosekana walimwagia mtu kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, na wagonjwa walibatizwa kitandani. Pasta si mtu mgumu. Alifikiri, akakubali.

Ningenyamaza hapo! Lakini mwalimu ni mwalimu, nikaendelea: tena kuna mahali ambapo mgonjwa aliyepoteza sauti alibatizwa kama jamaa zake walishuhudia kwamba alitaka.

Uso wa pasta ukafunguka. "Basi tusimusumbue sasa, Masika. Akinyamaza, uniite. Ni weye utamujibia."

Kwa hiyo nimekuwa nikingoja mdomo wa mama yangu ufunge. Niandike hivyo hivyo. Kila asubuhi nilikuwa namletea uji, namsalimia, nasikiliza kama sauti yake imepungua, na ikiwa imepungua nilikuwa najisikia nafuu. Aibu gani hii?

Jana hakutoa neno kutwa nzima. Leo asubuhi nikampigia pasta simu.

Sijakula, nimefunga kama wale wa zamani. Nikatandika shuka safi, nikaweka beseni ya mayi karibu na kitanda. Halafu nikawaza, kama akienda kabla ya kesho? Nikachota kikombe, nikakisogeza juu ya kichwa chake.

Akafungua macho. Akaangalia kikombe, akaniangalia.

"Hii mayi iko ya nini?"

"Ya pasta, mama. Ya kesho."

Akagusa beseni kwa vidole.

"Leta ninywe."

Nikamwinua kichwa, akanywa. Mengine yakamwagika kidevuni na shingoni, nikampangusa na kikwembe changu. Halafu akasema polepole kabisa: "Usinisemee uongo, mutoto yangu." Akafunga macho. Tangu hapo ni pumzi tu.

Wale wa zamani walisema mtu anayejifunza imani akiuawa kwa ajili ya Kristo kabla ya mayi, damu yake inahesabiwa kuwa ubatizo wake. Nimetafuta walisema nini juu ya mama wa mtu aliyeuawa kwa ajili ya mchele na sabuni. Sijaona kitu.

Naogopa. Wengine wanasema Mungu hafungwi na mayi, na mimi mwenyewe nimewaambia wanafunzi hivyo. Kusema darasani ni rahisi. Huyu ni mama yangu, na anakwenda.

Kesho pasta atasimama pembeni ya kitanda, ataniuliza: "Kwa jina la mama yako, umesamehe wote?" Nimejaribu kutamka ndiyo, peke yangu, hapa mlangoni. Inatoka vizuri kabisa. Hakuna atakayejua, na kanisa litafurahi, na wale wa sokoni watakosa la kucheka.

Nitajibu bado.

Ee Mungu, akifika kwako na hilo neno mdomoni, na weye utamrudisha ukingoni mwa mto?