Nilimrudisha kwa Sababu Hakuja na Mume

Jumanne. Joto tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Maswa, yakatutia moyo, yakatawanyika bila kudondosha hata tone. Nimeoga mara mbili na bado najisikia mchafu.

Mnaonisoma hapa mmezoea niandike mapishi ya kwetu Tanga na malalamiko yangu juu ya vumbi la Simiyu. Leo sina mapishi. Nina habari ya mwanamke mmoja. Nitamwita Nkwimba, ingawa silo jina lake.

Mimi ni nesi. Nipo kliniki ya wajawazito kwenye zahanati moja ya kijijini, mwendo wa pikipiki kutoka Dutwa.

Nkwimba alikuja mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi, mimba ikiwa ya miezi minne. Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, vumbi limempanda hadi magotini. Akanisalimu kwa kukunja goti, "Mwangaluka, mayu," akiniita mama wakati mimi ni mdogo kwake kwa umri. Nikamuuliza mwenza wake yuko wapi. Akasema yuko Lalago na ng'ombe, anatafuta malisho.

"Hudhurio la kwanza mnakuja wawili," nikamwambia. "Kama hayupo, lete barua ya mwenyekiti wa kijiji."

"Mwenyekiti naye kasafiri, nesi. Nipime tu mimi."

"Kwani mimba uliipata peke yako?"

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Nilitaka wacheke.

Hakuna kanuni inayosema mjamzito arudishwe nyumbani kwa kukosa mume. Mwenza anakaribishwa, lakini mama hafukuzwi. Nalijua hilo tangu chuoni. Lakini saa saba kulikuwa na gari la kwenda Bariadi mjini, jioni rafiki yangu alikuwa na sendofu, na mimi sijasuka nywele.

Vipimo vilikuwa kwenye boksi. Dawa ilikuwa kabatini.

Hakurudi. Na mimi sikumkumbuka tena, hilo nalo niliseme.

Jumatatu ya wiki iliyopita wakamleta juu ya baiskeli, uchungu umemshika kabla ya wakati. Mtoto wa kiume. Alizaliwa amekufa, tumbo limevimba, ngozi inabanduka ukiigusa. Nimeshaona watoto waliokufa, lakini huyu nilimfunika haraka, na mama yake alipoomba kumwona nilijifanya natafuta glavu. Nikampima Nkwimba damu. Tone moja la kidoleni, dakika chache tu.

Kaswende.

Angepimwa Ijumaa ile, sindano za penisilini zingetosha. Mtoto angekuwa na nafasi yake kama watoto wengine.

Nilimchoma ya kwanza Jumanne, nikamwambia arudi kila wiki hadi zitimie tatu, na mume aje atibiwe. Alinisikiliza, lakini kichwani mwake ilikuwa ni dawa ya wadudu wa pamba. "Nilibeba maji ya kupulizia," alikuwa akisema. "Ile harufu niliivuta. Nimemuua mwenyewe." Nilimwambia siyo dawa ya pamba. Sikumwambia zaidi.

Leo wamekuja watatu: Nkwimba, mumewe, na mama wa mume. Mume nilimwingiza peke yake. Mwanaume mpole wa sura, shati limepigwa pasi. Nilipoanza kumweleza akanikatisha.

"Mimi nilishachoma sindano, nesi."

"Ulichoma wapi?"

"Dukani, Dutwa. Tulipouza pamba. Kilitoka kidonda, nikachoma, kikaisha."

Nikahesabu miezi. Mkewe alikuwa ndiyo anashika mimba.

"Ulimwambia?"

Akacheka kidogo, kwa adabu kabisa. "Mambo hayo unamwambiaje mwanamke?"

Nikamwambia lazima apimwe upya na achomwe tena, akakubali bila ubishi. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya benchi lililojaa watu, akamwambia mama yake kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika. Kisukuma changu ni cha salamu na dawa, lakini hayo niliyaelewa. Alisema nesi amethibitisha, ugonjwa ni wa mke, ndio uliomuua mtoto.

Yule mama akamgeukia Nkwimba. Hakupiga kelele. Alisema, "Ng'ombe zetu zilimnunua fisi," akatema mate chini.

Nilikuwa mlangoni, daftari mkononi. Sentensi moja yangu ingemwokoa. Nikajiambia siri ya mgonjwa haitolewi. Kanuni hiyo niliikumbuka haraka sana.

Wakaondoka na baiskeli, mama akiwa nyuma. Nkwimba wakamwacha amekaa, maziwa yameloanisha blauzi yake kwa mtoto ambaye hayupo.

Nikamwita ndani kwa sindano ya pili. Inauma ile, wanaume wazima hulia. Yeye alilala kimya, uso ukutani.

"Nesi, hii ingemsaidia mtoto?"

"Ingemsaidia. Kama ungeipata mapema."

Nilidhani yamekwisha.

"Ile Ijumaa niliyokuja. Ilikuwepo?"

Kulikuwa na majibu mawili tu, na moja lilikuwa kweli.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa imeisha. Hata ningekupima, nisingekuwa na cha kukuchoma."

Akashusha pumzi ndefu. Nikaona mabega yake yanalegea, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Akavaa taratibu, akafunga khanga, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Basi ni Mungu," akasema, akanishukuru. "Wabeja, mayu. Wewe ndiye pekee uliyeongea na mimi vizuri."

Nilimtazama akikata njia ya mashambani, peke yake, kwenda kwa watu wale wale.

Nimeandika hadi hapa nikijaribu kumchukia mume wake. Naweza, kwa muda. Halafu nakumbuka kwamba yeye alisema uongo mbele ya watu, mchana kweupe, na mimi wangu niliufungia mlango, nikashukuriwa.

Jumanne ijayo anarudi kwa sindano ya tatu. Nilitaka kumalizia kwa kuahidi kwamba siku hiyo nitamkalisha chini, nimwambie yote, la mumewe na langu, halafu anifanye anavyotaka. Ningependa mniamini.

Lakini saa tisa na nusu, kabla sijatoka kazini, nilikuwa nimeshamwomba mwenzangu tubadilishane zamu ya Jumanne. Alikubali. Hata hakuuliza kwa nini.