Papa, Chupa ya Maabara Haionekani

Mpendwa Papa,

Tangu asubuhi mizinga inalia upande wa Sake, na mawingu yamefunika mlima. Ni wewe uliyenifundisha kuogopa vita na mvua vikija pamoja.

Unakumbuka meza yetu ya nyumbani Keshero? Nilikuwa nimefeli kemia, mimi binti wa mwalimu wa kemia, aibu iliyoje! Ulichora alkeni kwa chaki palepale mezani: kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono miwili. Pembeni ukaandika kloridi ya asetili.

"Hawa ukiwaacha peke yao, wataangaliana tu," ulisema. "Leta kloridi ya aluminiamu, imunyanganye asetili klorini yake. Sasa asetili iko na njaa ya elektroni. Alkeni inafungua mukono moja, inaikamata. Ketoni hiyo!"

Nikauliza klorini inaishia wapi. Ukacheka kwa furaha. Inaweza kurudi na kukaa kwenye kaboni ya pili, ulisema, au iondoke na hidrojeni, na ule mkono wa pili urudi mahali pake. Kisha uso wako ukabadilika. Ukanionya kwamba kila chombo lazima kiwe kikavu, kwa kuwa unga ule wa kloridi ya aluminiamu ukikutana na maji unachemka na kutoa moshi wa asidi.

Vita vilipofika, wakimbizi walijaa shuleni kwako hadi maabara. Katika mji huu chupa haitupwi. Yenye mdomo mpana huoshwa, ikawekwa maji ya kunywa. Ulilijua hilo, na chupa ya unga ule ilikuwa maabara; ukavaa koti. Mama akakushika mkono.

"Papa Neema, bakia. Masasi ya bunduki inapita!"

"Kule ndani kuko watoto," ukajibu.

Waliokuwa ndani walitusimulia. Ulimkuta mama mmoja ameishika chupa ile, ndoo ya maji iko miguuni pake. "Mama, acha! Hii haiko chumvi. Ikigusa maji, moshi yake itachoma mapafu ya batu bote humu." Akakupa. Ukaifungia kabatini. Risasi ilikuua mtaani Mapendo, ukirudi kwetu.

Nilikukasirikia, Papa. Nilisema uliwapenda watu usiowajua kuliko sisi. Hata nilipoajiriwa shule ileile, nikafundisha somo lilelile, hasira haikuisha.

Leo mkuu wa shule amenipigia simu. Wakimbizi wamejaa tena, na mlango wa kabati la maabara umevunjwa kuwa kuni. Chupa mpya ya unga uleule, niliyoiagiza mimi mwenyewe, haionekani. Simu ilikatika kabla sijamwambia ni chupa ya nini. Nimepiga na kupiga, mtandao hakuna. Matone ya kwanza yanagonga bati, na najua akina mama wameanza kutafuta vyombo vya kukinga maji.

Mume wangu amesimama mlangoni. Mjukuu wako ameficha viatu vyangu na hataki kusema viko wapi. Nimevaa ndala.

Mtoto atanikasirikia miaka mingi, Papa. Nisamehe.

Binti yako,
Neema