Juni Haina Usiku Kule

Saint-Gilles, Brussels. Jumapili, mwisho wa Aprili 1999. Manyunyu tangu alfajiri, ile mvua ya hapa isiyokulowesha wala kukuacha mkavu.

Moyo wangu leo hautulii. Nakaa kuandika kabla ya Magharibi, kandambili zangu bado zina matope ya uani. Binamu yangu Zuwena, aliyenifungulia ukurasa huu kwenye mtandao na kuniachia kompyuta yake kuukuu, ananiambia niandike nitakalo kwa sababu hakuna anayesoma. Haya. Kama hakuna anayesoma, nitasema kweli.

Kweli ni hii: kesho asubuhi mume wangu Haruna anapiga simu Denmark kuthibitisha nafasi zetu mbili kwenye meli ya magari iendayo Islandi. Tangu wiki iliyopita nimekuwa nikitabasamu na kuitikia, huku moyoni nikijua kwamba siendi.

Nawe usidhani sikitaki kisiwa hicho. Nakitaka mpaka kinanikosesha hamu ya kula.

Kiliingia humu ndani mwezi wa pili. Haruna ni fundi wa friji, na siku hiyo alikwenda kutengeneza friji ya mzee mmoja Mbelgiji wa Kiflamandi kule Flagey. Alikwenda kwa saa moja, akarudi jioni, na ramani kwapani. Mzee yule na marehemu mke wake walikuwa wamekizunguka kisiwa hicho mara tatu kwa gari lao, wakivuta trela la kulala. Sasa magoti yamemgomea. Amempa Haruna ramani, amempa na trela lenyewe, kwa sharti moja tu, kwamba aende kweli, asije akaliacha likaoza gereji.

Tangu siku hiyo meza yetu ya jikoni ni Islandi. Tunakula pembeni mwa Islandi. Kopo la sukari linashikilia kaskazini ili karatasi isijikunje, na mimi nikimenya vitunguu macho yangu yanatembea. Kisiwa kiko juu kabisa, kidogo tu ramani ya dunia iishe. Watu wote wanaishi kandokando ya bahari. Katikati hakuna mtu. Kuna barafu, mchanga mweusi, na majina marefu ambayo Haruna anayasoma kwa kelele kama anayagombeza. Barabara ni moja tu, inazunguka kisiwa kizima, ukiifuata bila kukata kona unarudi ulipoanzia.

Mzee ameandika kwa penseli kila walipolala. Hapa maji ya moto yanatoka ardhini, tulioga. Hapa mlima wa barafu unashuka mpaka karibu na barabara. Hapa ardhi inatoa moshi, usikanyage penye rangi nyeupe.

Na mahali pamoja, kaskazini, karibu na ziwa, ameandika kwamba watu wanafukia mkate kwenye udongo, wanaondoka, wanarudi kesho yake wanaukuta umeiva.

Hilo lilinikalisha chini. Nilimwambia Haruna anisomee tena, akasoma tena. Mimi niliyekwenda kutafuta kuni kwenye vilima vya Uvira, kule ukimbizini Zaire, kutwa nzima, nikarudi na fito tatu mbichi! Kumbe kuna watu ambao Mungu amewawashia jiko chini ya miguu yao na wala hawalipulizi. Subhanallah. Sikuwaonea wivu, nakwambia ukweli. Nilishangaa tu, na mshangao wenyewe ulikuwa mtamu.

Halafu ile hati yangu ya safari, ya buluu, ya mkimbizi. Imeandikwa kwamba inaniruhusu nchi zote isipokuwa moja, ile niliyozaliwa. Nilikuwa naichukia. Mwezi wa tatu niliitoa sandukuni, nikaisoma upya jikoni mbele ya ramani. Nchi zote. Buyenzi kwetu, Bujumbura, siruhusiwi kukanyaga, lakini kwenye mkate wa ardhini naruhusiwa.

Kwa hiyo nataka kwenda. Kinachonikwaza ni trela.

Wiki iliyopita Haruna alilileta, akalipitisha kwenye lile lango la zamani la magari ya farasi mpaka uani. Ni sanduku la magurudumu mawili, refu kuliko mtu. Nilifikiri ni kijumba cha bati chenye mlango na kitasa. Akafungua kifuniko, akavuta vyuma, na mbele ya macho yangu likainuka hema. Hema la turubai, rangi ya machungwa, na vitanda viwili ndani.

Nikasema, "Zuri." Nikapanda ngazi nikaenda kulala mchana.

Toka hapo nimekuwa hodari wa visingizio. Nikasema baridi, akaleta mablanketi ya sufu. Nikasema nyama ya halali tutaipata wapi. Akaenda Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, akarudi na mfuko wa ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa letu, na maharagwe ya kututosha wiki tatu. Nikasema dubu weupe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jirani yetu wa chini, Maman Furaha wa Bukavu, mwenye dirisha la uani, hakuniacha hivihivi; kwake kila mwanamke ni Maman na jina lake mwenyewe. "Maman Mwajuma, munabeba ndagala kwenye kisiwa ya samaki? Bon, Mungu iko." Kisha akaliangalia lile hema, mikono kiunoni, kicheko kikampungua. "Bazungu banalalaka mu tente juu ya vacances, juu ya kupumzika. Siye tulilala mule juu ya vita. Haruna iko anatafuta nini?"

Haruna alicheka. Mimi nikajifanya naokota pini ya nguo.

Yeye hajui. Alitangulia kuja huku kusoma, mwaka mmoja baada ya harusi yetu, na vita vikamkuta huku. Anajua nilivuka kwenda Zaire, anajua nilikaa kambini na shangazi miezi kumi na mmoja. Kilichobaki sijamwambia, na hata hapa naona haya kukiandika, maana ni kitu kidogo.

Ni mkono.

Tulikuwa tukilala chini ya turubai za plastiki. Usiku mmoja, gizani, mkono uliingia kwa chini, karibu na kichwa changu. Ulipapasa polepole. Ukagusa nywele zangu, ukasimama. Ukahama. Ukaipata sufuria yetu, ukaichukua, ukatoka. Sikupiga kelele. Asubuhi niliwasalimia watu wote wa mstari wetu, na huenda mmoja wao ndiye aliyekuwa na mkono ule.

Basi. Sufuria tu. Wengine waliondokewa na watoto, mimi ni nani wa kulalamika kwa sufuria? Lakini tangu usiku huo sijalala gizani. Miaka mitatu nimelala na Haruna na taa ya koridoni inawaka, mlango uko nusu wazi. Yeye anadhani ni kwa ajili ya choo. Huinuka akaizima, anatania kwamba ameoa mlinzi wa geti. Nikisikia amekoroma naiwasha tena.

Sasa fikiria wiki tatu za hema, porini, kwenye nchi ambayo katikati yake hakuna mtu.

Leo asubuhi ndiyo iliyonimaliza. Nilifungua dirisha nikamwona Haruna uani, amefurahi, anatundika mapazia ndani ya hema pande zote. Meusi tititi, mazito. Niliona yanavyoliziba lile turubai la machungwa, nikafunga dirisha. Nikaamua: akirudi juu namwambia aende peke yake. Nafasi moja. Nitasema mgongo.

Lakini baada ya Adhuhuri akaja Mwalimu. Ni Mrundi mwenzetu, anafundisha watoto Kurani siku za Jumamosi, na Haruna alikuwa amempa kazi tangu Ijumaa. Wakakaa mezani, kisiwa katikati yao. Mimi nilikuwa nawatengenezea chai.

"Bon, Mwalimu," Haruna akasema, "Isha tutaswali saa ngapi?"

Mwalimu akacheka kidogo. "Nimeuliza wanaonizidi elimu. Wanasema mfuate saa za mji wa karibu unaopata usiku. Maana huko mwezi wa sita giza haliingii, ndugu yangu. Jua linashuka kuchungulia bahari tu, halafu linatoka tena."

Nilikuwa na birika mkononi.

Labda Haruna aliwahi kuniambia. Labda mara kumi. Lakini tangu trela lifike nilikuwa sisikilizi, nilikuwa natafuta visingizio. Na mimi nimezaliwa mahali ambapo jua halina mzaha, saa kumi na mbili limetoka, saa kumi na mbili limezama, na tunahesabu saa zetu tukilitegemea hilo. Saa moja ya usiku inaanza wapi kama usiku haujafika? Hapa Brussels penyewe, kiangazi changu cha kwanza, nilikaa dirishani saa nne ya usiku nikishangaa kweupe. Lakini usiku mzima?

Nikauliza kama mjinga, "Hata ndani ya hema?"

Haruna akageuka. "Ndani kabisa! Papa wa Flagey alinambia safari ya kwanza hakufunga jicho siku tatu, sababu ya mwangaza. Donc bibi yake akashona yale marido meusi."

Nikaweka birika chini. Sikuwamiminia chai. Nikateremka ngazi za ghorofa zote tatu mpaka uani, sikuvaa hata koti.

Sijawahi kuingia mle. Leo nikaingia. Nikavuta zipu nyuma yangu, nikakaa kwenye kitanda. Kwa sababu ya mapazia kulikuwa giza, giza lilelile, na mvua ikigonga turubai juu, na kichwa changu kikaanza kusikiliza kwa chini, kwenye ukingo, kama kilivyozoea. Nikalishika pazia la upande wangu, nikalisukuma.

Mwanga ukaingia, mwanga wa machungwa, ukanijaa mapajani. Niliona mikono yangu. Niliona mishono ya yule bibi nisiyemjua, midogo, iliyonyooka. Niliuona ukingo wote wa hema, toka kona mpaka kona, umefungwa, na hakuna mkono. Nikawaza kwamba kule itakuwa hivi saa sita ya usiku. Itakuwa hivi saa nane na saa tisa, zile saa mbaya. Mungu ana nchi ambako kwa mwezi mzima hazimi taa, na siku zote nilizozunguka na hofu yangu nilikuwa sijui.

Nililia, ndiyo. Sina cha kuficha kwenye ukurasa usiosomwa.

Haruna alinifuata na mwavuli. Alidhani nimeumwa. Akaingia akakaa kitanda cha pili, magoti yetu yanagusana, na mimi nikamwambia. Mkono, nywele, sufuria, salamu za asubuhi. Nilisema haraka, nikiangalia zipu. Nilitegemea ataniuliza kwa nini sikumwambia mapema, au aseme pole, pole yenyewe ile ya kumaliza maneno.

Mvua ilikuwa imepungua.

"Taa ya koridoni," akasema.

"Ndiyo."

"Nami naizima."

Akainuka, kichwa kinagonga turubai, akaanza kufungua kulabu za mapazia, moja baada ya moja. La kichwani kwangu, la miguuni, ya upande wake. Alifanya taratibu kama anavyofungua mashine ya watu. Nilimwambia aache angalau ya kwake, maana yeye hata mshumaa unamnyima usingizi. Akakataa. "Mimi nitafunga macho na taulo. C'est rien."

Akayakunja, akayapitisha dirishani kwa Maman Furaha, ambaye nina hakika alikuwa amesimama hapo muda wote. "Rido ya bure? Leta!" akasema, na safari hii hakuongeza neno.

Mwalimu tulimkuta juu amejimiminia chai mwenyewe, anasoma maandishi ya penseli, kidole kiko kwenye mkate wa ardhini. Alisema tu kwamba kama tutaufikia mkate huo, tumletee kipande hata kikiwa kimekauka.

Sasa ameondoka. Kesho simu itapigwa Denmark na watatajwa watu wawili. Bado naogopa, nisijidanganye. Huenda nikifika huko nikakuta hofu yangu haikuwa ya giza peke yake. Nitaandika ukweli hata huo. Lakini nataka kuliona jua likiikosa bahari. Nataka kusimama nje ya hema saa nane ya usiku, nimevaa blanketi, nikione kivuli changu chini. Na nitaswali Isha kweupe, nikiwa sijui hata kama nilie au nicheke.

Nje bado hakujaingia Magharibi, dirisha lote ni jeupe. Nimesikia hatua za Haruna zikipita nyuma yangu, kisha swichi. Ameiwasha taa ya koridoni yeye mwenyewe.