Uzio wa Upande wa Barabara

Papa yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha ushonaji, huku ugenini Rosettenville. Cherehani nimeisukuma pembeni. Mvua imewafukuza wateja. Nje mijakaranda imechanua na watu wanayakanyaga maua bila hata kuyatazama. Asubuhi nimeyaona nikakasirika, kana kwamba miti yenyewe imenikosea.

Mijakaranda yako huko nyumbani haipo tena, Papa. Ile safu nzima, kutoka getini hadi nyumba ya mawe waliyoiacha Wabelgiji. Imekatwa, ikachomwa mkaa.

Ngoja nikueleze, maana ulikuwa umeshatuacha.

Miaka yote ya vita uliitunza bustani ile kwa ujanja mmoja. Ulikataza uzio wa miti wa upande wa barabara usiguswe na mkasi. Miiba, magugu, matawi yaliyokauka, vyote viliachwa. Ndani ulipogoa mawaridi na kufagia njia kama kawaida. Wenzangu shuleni walicheka kwamba mtunza bustani ana geti la pori, nami nikaja kukulalamikia. Ukaniambia, "Bale banapita na bunduki, baone pori tu." Na kweli wenye bunduki walipita bila kuingia, kundi baada ya kundi.

Mwishowe ukafa kwa malaria, kitandani mwako. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, sikuweza kuja kukuzika. Safari, msaidizi wako, alisema mzee hawezi kutolewa kichakani kama mwizi. Matanga ni matanga: njia isafishwe, waombolezaji wapite, jeneza lipite. Basi wakashika mikasi na mapanga, wakaukata uzio wote ukanyooka. Alinitumia picha. Uzio ulikuwa mzuri, Papa! Nilimwonyesha kila aliyeingia kibandani, huku nalia.

Matanga hata hayajaisha, wenye bunduki wakaingia. Nyumba ilionekana tangu barabarani. Walilala humo, wakafunga mbuzi kwenye mawaridi, wakaangusha miti yako mmoja mmoja. Mama Zawadi, mke wa Safari, aliwakatalia maharage ya mbegu. Wakampiga risasi pale pale mlangoni pa jikoni.

Walipoondoka Safari alinipigia simu. "Tulifanya juu ya heshima ya muzee, dada." Alikuwa anausema ule uzio walioukata kwa ajili yako. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Mtu amezika mke wake, umwambie nini?

Sasa wanaoishi pale wananiuliza mimi la kufanya. Wenye nyumba huko Ulaya hawapokei simu tena, na mimi ndiye mtoto wako wa kwanza. Familia zilizobaki zina njaa, na bunduki bado zinasikika mlimani. Basi napanga bustani yako nikiwa huku, mimi niliyezoea kupima suruali. Nimesema vitalu vya mawaridi vipandwe maharage na viazi vitamu. Waweke mche mmoja tu wa waridi nyuma ya jiko. Uzio uachwe uote unavyotaka.

Limebaki jambo ambalo limeninyima usingizi. Ulitaka kuzikwa karibu na geti, na hapo ndipo ulipo. Safari amekuwa akilipalilia kaburi lako kila Jumamosi, amelizungushia mawe meupe. Ni safi kuliko kitu chochote kilichobaki pale, na kila apitaye analiona, anajua kuna watu ndani. Nimemwambia aache. Ayatoe mawe, aung'oe msalaba auweke ndani, majani yaote. Akaniuliza kama ni mimi kweli ninayesema. Nikamjibu ndiyo. Nilipokata simu nililia hadi kitambaa cha mteja kikalowa.

Wewe ambaye hukuweza kupita kwenye gugu bila kuinama uling'oe! Nisamehe, Papa. Vita vikiisha nitakuja, sitamtuma mtu. Nitapiga magoti nilipalilie kaburi lako kwa mikono yangu, nirudishe kila jiwe, na uzio nitaukata mimi kwa mkasi wako.

Pumzika. Mpaka siku hiyo, wanaopita waone pori tu.

Binti yako,
Aline